Paka mzee mwenye figo dhaifu: nani atamchukua?

"Assalaam alaykum daktari. Nasaidia kwenye kituo kidogo cha paka hapa Mombasa. Tunaye paka jike, Marashi, anayekadiriwa kuwa na miaka 13. Bibi aliyemlea alifariki mwaka jana, na watoto wake wakamleta kwetu. Vipimo vya damu vilionyesha figo zimedhoofika, kreatinini 210. Meno amebakiwa na machache, na hapandi tena juu ya vitu kama zamani. Anakunywa maji mengi na kukojoa mno, mpaka mwenzangu mmoja ameanza kumpunguzia maji na kumpa maziwa badala yake. Watu wakija huchukua vitoto, yeye hubaki kizimbani. Baadhi yetu wanasema tusitaje habari za figo mpaka apate mtu. Wengine wanasema alazwe usingizi wa milele kwa sindano ili nafasi apewe paka mwengine. Jirani naye anadai ugonjwa wake utaambukiza watoto. Sijui nishike lipi. Je, yupo mtu atakayemtaka? Na ni haki kumtafutia?"

Wa alaykum salaam, dada yangu. Nianze na maji, maana hilo haliwezi kungoja mwisho wa jibu. Mrudishieni Marashi maji yake leo hii, mabakuli mawili matatu, na asipunguziwe tena hata tone. Najua mwenzenu amefanya kwa nia njema. Ameona mkojo mwingi, akadhani maji ndiyo yanayouleta. Kumbe mkojo ndio unaomfanya anywe.

Kila figo ya paka ina vichujio vidogo mno, karibu laki mbili. Kazi yake ni kutoa uchafu mwilini huku maji mengi yakirudishwa kwenye damu, na paka, ambaye asili ya ukoo wake ni nchi kame, ana figo hodari kuliko zetu kwa kukaza mkojo, yaani kuutoa mchache na mzito. Kichujio kikifa hakioti kingine. Vilivyobaki hubeba kazi ya vilivyokwenda, na kwa muda mrefu hakuna anayegundua, kwani ni mpaka theluthi mbili hivi za vichujio zipotee ndipo figo zishindwe kukaza mkojo. Kuanzia hapo mkojo hutoka mwingi, mwepesi, hauna ile harufu kali. Paka naye hunywa ili afidie yaliyokwisha kumtoka. Ukimnyima maji, mkojo haukomi. Damu ndiyo inayokaukiwa, figo zinafikiwa na damu kidogo zaidi, na vichujio vilivyosalia vinaanza kufa haraka. Siku mbili za kiu katika joto la Mombasa zinatosha kumgeuza paka anayejiweza kuwa mgonjwa mahututi.

Maziwa nayo yaacheni. Paka wengi wakishakua hawana tena uwezo wa kuyeyusha sukari ya maziwa, kwa hiyo huharisha, na kuhara ni maji mengine yanayopotea. Isitoshe, maziwa yana fosforasi, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa.

Kuhusu jirani, mwambieni kwa upole kwamba figo zilizochoka haziambukizi mtu wala paka mwengine. Yako magonjwa machache ambayo paka anaweza kweli kumpa binadamu, na ni vizuri myajue ili msiyachanganye na hili. La kwanza ni kichaa cha mbwa, na kinga yake ni chanjo ya kila mwaka. Ikiwa Marashi hajachanjwa, achanjwe kabla ya kwenda nyumba ya mtu. Karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, maofisa wa mifugo huendesha chanjo za bure sehemu nyingi. La pili ni vijidudu vya toksoplasma, vinavyowatia hofu akina mama wajawazito. Paka huvitoa kwenye kinyesi kwa wiki chache tu baada ya kuambukizwa mara ya kwanza, tena kinyesi hicho huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuwa na uwezo wa kuambukiza. Mchanga wa choo cha paka ukisafishwa kila siku, na kazi hiyo ikafanywa na mtu mwengine asiyekuwa na mimba, au kwa glavu kama hakuna mwengine, hatari huwa ndogo sana. Paka wa miaka 13 aliyekaa ndani maisha yake yote si wa kuhofiwa kuliko mboga zisizooshwa vizuri au nyama isiyoiva. Na akitokea wa kusema paka ni najisi, mkumbusheni Abu Qatada, aliyeinamisha chombo cha maji yake ya udhu ili paka anywe, akamsimulia mkwewe aliyeshangaa kwamba Mtume alisema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani.

Sasa hiyo 210 ya kreatinini, uchafu ambao figo zenye nguvu huutoa kwenye damu. Ikiwa maabara imeandika kwa maikromoli kwa lita, inamweka Marashi hatua ya pili kati ya nne tunazotumia kupima ugonjwa huu. Hatua hiyo huanzia 140 na kuishia 250. Ni habari nzuri kuliko mlivyodhani. Paka wengi wanaogunduliwa katika hatua ya pili huishi zaidi ya miaka miwili wakitunzwa, na wengine hufa kwa jambo jingine kabisa. Hatua ya nne ndiyo ambayo mara nyingi huhesabiwa kwa miezi michache au wiki. Lakini namba hii msiitegemee peke yake. Kreatinini hutokana na misuli, na paka mzee aliyekonda ana misuli kidogo, hivyo damu yake inaweza kuonyesha namba ya kutuliza moyo ilhali figo zimechoka zaidi ya hapo. Ndiyo sababu ninataka mkojo wake upimwe pia, na uzito wake uandikwe kila wiki kwenye daftari. Paka wa kilo 3.2 akipungua gramu 200 mnaweza msione kwa macho, na hiyo ni sawa na mtu wa kilo 64 kupungua kilo 4.

Kipimo ambacho hukukitaja, nacho ndicho kinachonipa wasiwasi, ni presha. Figo zikidhoofika presha hupanda, na kwa paka ikizidi 160 huanza kuharibu macho, ubongo, moyo na figo zenyewe. Nimeona paka walioletwa kwa sababu "ameanza kugonga ukuta", mboni zimetanuka hata juani, na tunapotazama ndani ya jicho tunakuta utando wa nyuma umebanduka. Mara nyingi macho hayo hayarudi. Dawa yake ni kipande kidogo sana cha kidonge kile kile ambacho wazee wetu wengi humeza kwa presha. Daktari akate kipimo chenyewe, msikisie. Apimwe pia homoni ya tezi ya shingo, kwa sababu tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi paka hukonda huku anakula kwa pupa, na wakati huo huo huficha ubovu wa figo.

Kutopanda juu ya vitu karibu kila mara ni maumivu ya viungo, ambayo paka wengi wa umri wake wanayo. Paka halilii mguu. Huacha kuruka, huacha kujilamba mgongoni manyoya yakaganda, na huanza kukojoa pembeni ya beseni kwa sababu kuinua mguu juu ya ukingo kunamuuma. Watu humwita mchafu. Chukueni dumu la lita ishirini, mlikate ubavu kwa urefu, kisha upande mmoja mshushe ukingo uwe kimo cha vidole vitatu, mlainishe palipokatwa pasimkwaruze, mtie mchanga. Hilo tu huondoa nusu ya malalamiko ya mkojo sakafuni. Ila naomba sana: mtu yeyote asimpe dawa ya maumivu ya binadamu. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua, fizi zikigeuka rangi ya kahawia na uso ukivimba. Diklofenaki na ibuprofeni humalizia figo zilizobaki. Na dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini isimguse, humtia degedege.

Meno machache si kizuizi. Paka kibogoyo hula vizuri chakula laini, kinachomtesa ni meno mabovu yaliyobaki na fizi zilizooza. Daktari akiona yafaa kung'olewa, jambo la kupima ni kama figo zitastahimili dawa ya usingizi, na kwa hatua ya pili, akiwekewa dripu kabla na baada, mara nyingi zinastahimili.

Upande wa chakula, kipo kilichotengenezwa maalumu kwa paka wa figo, chenye fosforasi ndogo, na mkiweza kukipata ndicho bora. Bei yake najua si mchezo. Mkikosa, acheni dagaa wakavu, kwa kuwa wana chumvi na wanaliwa na miba yao, ambayo ni fosforasi tupu. Mpeni chakula cha kopo cha kawaida, au samaki au kuku aliyechemshwa bila chumvi, bila mifupa, pamoja na supu yake. Supu isimwagwe, kwani ndani yake mna taurini, kirutubisho kinachotoka kwenye nyama ikichemka, na paka asiyekipata hupata maradhi ya moyo na macho. Chakula cha nyumbani pekee hakikamiliki kwa miezi mingi, kwa hiyo kichanganyeni na cha kopo. Na msimshindishe njaa ili akubali chakula kipya. Paka asiyekula siku mbili tatu huanza kujazwa mafuta kwenye ini, na hilo huua upesi kuliko figo.

Tuje kwenye kuficha. Nakusihi msifiche. Siongelei uaminifu peke yake, ingawa ungetosha. Fikirini litakalotokea. Mtu anampeleka nyumbani paka "mzima", wiki ya pili anaona bakuli la maji linakauka na godoro limelowa, anampeleka kwa daktari, anasikia figo. Hapo atamrudisha, au vibaya zaidi, atamwacha nje. Marashi atakuwa amehamishwa mara mbili zaidi, na mtu huyo hatakuja tena kwenu, wala jirani zake. Mlezi asiyejua kuna ugonjwa hatajua kwamba maji yasikauke. Mtakuwa mmempa nyumba inayoweza kumuua.

Watu hawaogopi sana ugonjwa wenye mipaka. Wanachoogopa ni ule usiojulikana utagharimu nini na utaishia wapi. Kaeni na daktari wenu, mwandike kwa shilingi: chakula cha mwezi ni kiasi gani, vipimo vya kila miezi 3 mpaka 6 ni kiasi gani, dawa ya presha kama ataihitaji ni kiasi gani. Kisha amueni kituo kitabeba kipi. Mimi ningependekeza Marashi asitolewe moja kwa moja. Abaki wa kituo kwenye karatasi, kituo kilipe daktari na dawa, mlezi atoe nyumba, chakula na mapenzi mpaka siku yake ifike. Wapo watu wengi wenye nafasi na moyo ambao hawana uwezo wa gharama za daktari. Mpango huu huwafungulia mlango watu hao, na pia unajibu hoja ya wenzenu kuhusu nafasi, kwa sababu kizimba chake kitakuwa wazi siku hiyo hiyo akienda kwa mlezi.

Tangazo liwe na maneno kama haya, mkiweka tabia zake halisi: "Marashi ni paka jike wa miaka 13 hivi, aliyelelewa ndani na bibi aliyefariki. Figo zake zimedhoofika, hatua ya pili, haziambukizi. Anahitaji maji mengi, chakula laini mara 3 kwa siku, na mchanga usafishwe kila siku. Daktari na dawa ni juu yetu. Hakamati panya na hapandi makabati. Huenda akaishi mwaka, huenda mitatu. Asipokufaa tutamchukua saa yoyote, bila lawama." Picha msimpige nyuma ya waya. Mtoeni nje asubuhi, juu ya mkeka, chuchumaeni kamera iwe sawa na macho yake.

Tangazo hilo lisiende kila mahali. Anayetaka kitoto cha kuchezea watoto si wenu, wala anayetafuta wa kumaliza panya. Mnamtafuta mtu wa nyumba tulivu: mwalimu aliyestaafu, mama ambaye watoto wameondoka, mtu anayefanyia kazi nyumbani kwenye fleti. Ulizeni kwanza kama mwenye nyumba anaruhusu wanyama. Na waombeni madaktari wa wanyama hapo Mombasa wawaelekeze kwa wateja waliompoteza paka mzee. Katika miaka yangu ya kazi, hao ndio wachukuaji bora kuliko wote. Wameshatoa vidonge, wameshalia, na wanajua kwamba paka mzee hukupenda bila kukusumbua. Kuna dhana kwamba paka mzee hazoei mtu mpya. Marashi amelala kwenye paja la mtu kwa zaidi ya miaka kumi, anajua mtu ni nini. Wengi wa namna yake huchukua wiki chache tu.

Wasiwasi mwingine wa walezi ni dripu, ikiwa siku moja atahitaji. Waonyesheni mapema. Mfuko wa maji unapashwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, paka anakaa juu ya taulo, unavuta ngozi iliyolegea kati ya mabega ikawa kama hema, sindano inaingia chini ya ngozi hiyo, na maji yanashuka kwa dakika chache huku anakula kitu akipendacho. Hubaki uvimbe laini unaoteremka mpaka begani au mguuni, kisha mwili huunywa baada ya saa kadhaa. Nimemwona mzee wa miaka sabini na ushei akilifanya hilo akiwa peke yake kwa mkono ulio imara kuliko wangu.

Siku ya kwenda, mpelekeni na blanketi lake bila kufuliwa, chakula kile kile cha kituoni, na chumba kimoja tu kwa siku za mwanzo, chenye maji mbali kidogo na mchanga. Atajificha chini ya kitanda, asivutwe. Mlezi aangalie mambo mawili, anakula na anakojoa. Saa 24 zikipita bila kula, apige simu kwenu, asingoje kuzoea.

Na sindano? Sitakuambia kwamba haina mahali. Kumwondolea mnyama mateso yasiyo na tiba ni sehemu ya kazi yangu, na nimeifanya nikiamini ni wema. Kwa walio Waislamu kituoni, ongeeni na sheikh mnayemwamini ili muwe na msimamo kabla ya siku hiyo kufika. Ila kwa uliyoniandikia, Marashi hajafika huko. Siku ya kulizungumza ni pale atakapokataa chakula licha ya dawa, atapike kila siku, aache kujisafisha, ajitenge hata na mkono alioupenda, na vipimo vikathibitisha hakuna la kurekebisha. Kinachoweza kumfikisha huko upesi ni kukaa kizimbani miezi mingi. Kelele na harufu za wageni humweka katika hofu isiyokwisha. Paka mwenye hofu hula kidogo, presha yake hupanda, na virusi vya mafua walivyobeba paka wengi tangu utotoni huamka. Ukiuliza kama ni haki kumtafutia nyumba, jibu langu ni kwamba kwake yeye nyumba ni sehemu ya dawa. Wakati mnatafuta, mtoeni kizimbani hata kama ni kumweka kwenye chumba cha ofisi, juu ya kiti chenye mto, na ngazi ya boksi ya kupandia.

Yako mambo ambayo hayahitaji ushauri wa kuandikiwa, yanahitaji daktari saa hiyo hiyo: kupumua mdomo wazi, upofu wa ghafla, miguu ya nyuma kufa ghafla huku analia, degedege, kujikamua bila mkojo kutoka, au kutapika mara kwa mara mpaka amelegea. Hakikisheni anayemtibu ni daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Kwa hali iliyopo sasa, mpelekeni wiki hii bila kusubiri tangazo. Nendeni na majibu ya damu ya mwanzo, daftari la uzito, na mkojo wake ikiwa mtaweza kuupata kwa kumwekea beseni tupu usiku. Ombeni mapema muda ambao hakuna mbwa wanaobweka ukumbini, akae kwanza dakika kumi ndani ya kikapu chake kilichofunikwa khanga ndipo presha ipimwe, kwani hofu pekee huipandisha. Presha, mkojo na homoni ya tezi vifanywe kwa safari moja, na jibu la presha ndilo litakalowaambia kama kuna dawa ya kuanza siku hiyo.